Maji Aliyochorea Marehemu: Sehemu ya Tisa

Hapana, hakuzimia. Nyinyi mliopiga simu gazetini wiki nzima kuuliza kama Justa alianguka na kioo kikamchana, poleni kwa vocha zenu. Justa wa Fremu hazimii hovyo. Tulimwacha kwenye kibanda chake nyuma ya stendi ya Kahama, bisibisi mkononi, picha imelazwa kifudifudi mezani, hardibodi ya mgongoni imebanduliwa kona moja tu. Tunamkuta papo hapo.

Macho yake yako kwenye mstari mmoja wa penseli.

"Maji ya Nkome. Agosti 2019."

Mwandiko ni wa Abel, mdogo wake, kitinda mimba wa mama yake. Ile "g" ya Agosti yenye mkia uliojikunja hakuna mwingine aliyeiandika hivyo. Na Abel alizikwa Didia, mbele ya macho ya Justa, mwezi wa tatu mwaka 2011.

Zisome tena tarehe hizo. Justa alizisoma mara nne.

Kwa wewe uliyeliokota gazeti hili leo kwenye kiti cha basi, nikusogeze kidogo halafu tuendelee. Abel alikuwa nyoka. Usishtuke, ndivyo wanavyoitwa wachimbaji wanaoshuka chini ya duara, na duara ni shimo la dhahabu. Siku sita za wiki alikuwa tumboni mwa kilima cha Bulongo, upande wa Geita. Jumapili alipanda juu ya kilima hichohicho na kisanduku cha rangi za maji, akachora: vilima, minyaa, mbuga, mvua ikija kwa mbali. Akiwa hai watu walimcheka. Alipokufa, mahoteli ya Mwanza yakaanza kuzitafuta picha zake, na palipo na watafutaji feki nazo zikazagaa.

Hapo ndipo Justa alipopata kazi ya pili. Mtu akiwa na picha anayodhani ni ya Abel, anampelekea. Justa anaifungua fremu, anaitazama mbele na nyuma, anasema ni yenyewe au siyo, anataja thamani yake na kugonga muhuri. Bila muhuri wake, mnunuzi wa maana hafungui mfuko.

Na siri ya mizani yake ilikuwa hii. Abel hakuchora mahali kwa maji ya mahali pengine. Akichora Bulongo, rangi aliikoroga kwa maji ya Bulongo. Akichora Didia, aliteka lambo la Didia. Kisha nyuma ya karatasi, chini kabisa ambako hardibodi inaficha, aliandika jina la maji na mwezi. Wachoraji wa feki hawakulijua hilo, na Justa hakumwambia mtu.

Sasa ni marehemu gani huyu anayeteka maji ya ziwa pale Nkome miaka minane baada ya kuzikwa?

Nisiwafiche, furaha ndiyo iliyotangulia. Ilimpanda Justa kifuani akataka kucheka peke yake. Mdogo wake yuko hai. Kisha akainua kichwa, akachungulia dirishani, na furaha ikakatika.

Mwenye picha alikuwa anavuka barabara kurudi, anajifuta mdomo kwa leso baada ya supu.

Mzee Makoye. Mwenye duara la Bulongo. Ndiye aliyelinunua jeneza la Abel, akagharamia na ng'ombe wa msiba. Asubuhi ile aliiweka picha mezani akasema maneno ambayo Justa hakuyapa uzito: "Bei usinitajie, Mama Blessing. Niambie tu alikuwa amekaa wapi alipoichora."

Justa amethamini picha miaka kumi na moja. Wamekuja maaskari, wamekuja mapadri, amekuja mpaka mganga. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia bei usinitajie.

Ndipo alipoyakumbuka maneno ya manyoka wa zamani, ambayo siku zote aliyaita maneno ya walevi. Kwamba siku duara liliposhuka, yaani lilipoporomoka, chini walikuwa watu wanne. Kwamba Makoye aliwaambia waokoaji yuko mmoja tu. Kwamba alipotolewa yule mmoja, amevaa koti la Abel na uso umeliwa na mawe, Makoye alisema basi, kazi imekwisha, fukieni. Watatu wakabaki huko chini, na inasemekana kuna mmoja alikuwa bado anagonga mwamba.

Daftari la zamu, lenye majina ya walioshuka siku ile, alikuwa analiandika Abel kwa sababu ya mwandiko wake. Halikuonekana tena.

Abel akiwa hai, daftari liko hai. Na Makoye mwezi huu anamkabidhi mwekezaji kilima chake, na watu wa madini wanauliza kimeua watu wangapi.

Hata mtoto wa darasa la tatu angejumlisha hapo. Justa alijumlisha, akaikandamiza hardibodi kwa vidole gumba viwili mpaka pini zikaingia, akaigeuza picha uso juu. Makoye akaingia.

"Shikamoo tena, mzee."

"Marahaba. Vipi, amesema?"

"Nani?"

"Picha," Makoye akasema, akacheka kidogo. Alivuta kigoda akaketi bila kukaribishwa. "Wewe si ndiye picha zinakusemesha?"

"Bado naiangalia mbele. Umeitoa wapi?"

"Gesti moja Sengerema. Ilikuwa imetundikwa juu ya ndoo ya maji ya kunawa. Mwenye gesti hajui hata aliinunua kwa nani." Aliegemea meza. "Nikasema huyu ni Abel. Mkono ninaujua. Nikaona nimletee dada yake athibitishe."

Waliitazama wote wawili. Mstari wa kilima cha mbali, ukanda wa maji ambao ungeweza kuwa wa Nkome, wa Chato au wa Mwanza, mwamba mmoja umesimama peke yake, na juu yake mbingu. Mbingu hiyo ilichukua zaidi ya nusu ya karatasi. Rangi ya buluu ilikuwa imeachwa ikimbie yenyewe, ikakutana na kijivu cha mvua, na pale zilipokutana Abel hakugusa kitu. Justa hakuwahi kuona mbingu nzuri kama ile mkononi mwa mdogo wake. Alikuwa amejifunza, huko alikokuwa.

"Blessing hajambo?" Makoye akauliza.

"Hajambo."

"Yuko chuo pale Shinyanga mjini, siyo? Nilimwona wiki jana anavuka barabara, masikio kayaziba na vile vispika vya simu. Mwambie awe anaangalia. Madereva wa siku hizi hawana utu."

Aliyasema kwa upole, kama baba mdogo.

"Nitamwambia."

"Na yule mumeo mtoro? Hajapiga simu bado?"

"Sostenes?" Justa akasonya, na msonyo huo haukuwa wa kuigiza. "Apige amwambie nani? Aliko ana mke."

Hapa tena nikusogeze. Sostenes naye alikuwa nyoka wa Bulongo, mume wa Justa, baba wa Blessing. Wiki ileile ya msiba wa Abel alitoweka. Mazishini hakuonekana, arobaini hakuonekana. Makoye mwenyewe ndiye aliyekuja kumpa Justa habari, kwa huruma kabisa, amemshika bega: watu wamemwona mumeo Nkome akipanda mtumbwi na mwanamke. Justa akachukua mashati yake akayagawa kwa wapiga debe. Kibao cha dukani kilichoandikwa Sostenes na Mkewe akakifuta kwa tindikali, akaandika Justa Fremu. Miaka kumi na minne amemlaani mtu yule asubuhi na jioni, na mama wa mtu yule, bibi Mbuke wa Didia, anapokuja kila Jumamosi kuuliza habari za mwanawe, Justa humjibu amesimama.

"Wanaume wengine bwana," Makoye akasema, akatikisa kichwa. Kisha akainama juu ya picha. "Hiki kinachometa ni nini?"

Justa alikuwa amekiona tangu asubuhi, akaomba Mungu kisionekane. Pale kwenye kijivu cha mvua, kidogo kuliko punje ya ulezi, kilikuwa kimeganda kitu chenye kung'aa. Gamba la dagaa. Dagaa wanaanikwa kwenye mchanga wa Nkome mpaka mwalo mzima, ufuko wa wavuvi, unameta, upepo unapeperusha magamba yanaingia kwenye chai, kwenye nywele, na kwenye kikopo cha maji cha mtu anayechora.

"Ulanga," Justa akasema.

"Ulanga."

"Si vumbi la kwenu huko migodini? Limejaa kila mahali."

Makoye amekaa na mawe miaka thelathini, ulanga anaujua kuliko anavyowajua wajukuu zake. Alisogeza uso mpaka pumzi yake ikaigusa karatasi, maana kioo Justa alikuwa amekwisha kukifungua kwa mbele. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kiberiti cha gesi.

"Ulanga hauungui," akasema. "Hebu tuone kama huu utaungua. Nina pua nzuri, Mama Blessing. Nitajua tu ni kitu gani."

Gamba la samaki likishika moto linanuka samaki. Hilo halihitaji mtaalamu. Na samaki ni ziwa, na ziwani Makoye ana watu kila mwalo.

Ncha ya kiberiti ilikuwa kidole kimoja tu kutoka kwenye karatasi.

"Ngoja," Justa akasema. "Utaichoma picha ya watu bure, na mimi nimekwisha kuitilia shaka. Abel ana kipimo chake. Kama ni yenyewe, kipimo hiki hakiidhuru hata kidogo."

"Kipimo gani?"

"Abel akimaliza picha alikuwa anaipaka gundi ya mgunga. Aliichemsha mwenyewe, nyembamba kama maji ya wali. Ikikauka, rangi haitoki hata uimwagie ndoo. Picha zake zote ndivyo zilivyo. Feki hazina hiyo gundi."

Hapakuwa na gundi yoyote. Abel hakuwahi kuchemsha mgunga maisha yake yote. Rangi ya maji ni rangi ya maji, ukiilowesha inatoka, iwe ya nani. Lakini Makoye alijua mawe, hakujua karatasi.

Justa alichovya kitambaa kwenye kikopo cha maji. Alikikamua. Mkono wake nauogopa mpaka leo ninapousimulia, kwa sababu haukutetemeka. Aliuweka juu ya mbingu ya mdogo wake, pale penye gamba, akasugua.

Buluu ikatoka. Kijivu kikaifuata. Mvua yote ya Abel ikachuruzika juu ya kilima, juu ya mwamba, ikawa tope, na gamba likaondoka ndani ya kitambaa. Alisugua mara ya pili, kwa nguvu zaidi, ili karatasi ichubuke. Ndani ya kifua chake alikuwa analia kwa sauti kubwa, ila usoni hakuna aliyeona kitu.

"Umeona?" akasema. "Feki. Tena feki ya juzi juzi, rangi haijakomaa."

Makoye aliitazama ile fujo. Akamtazama Justa. Akaitazama fujo tena. Kiberiti kikarudi mfukoni polepole.

"Nyuma je? Nyuma hukupekua?"

"Nyuma nimekuta mayai ya mende. Ukitaka nikufungulie uyahesabu."

Akacheka. Cheko la mtu aliyetua mzigo, Justa alilisikia vizuri.

"Hapana, nimeridhika. Ningekuwa na shaka, lakini hakuna binadamu anayeweza kuifanyia hivyo kazi ya ndugu yake." Alisimama, akajinyoosha. "Niandikie."

"Nikuandikie nini?"

"Kwamba siyo. Uandike na tarehe. Kuna watu wanapenda kusambaza maneno kwamba marehemu wanatembea. Nataka karatasi ya dada mtu."

Justa akaandika. Picha ya rangi za maji, mandhari ya ziwa, haikuchorwa na marehemu Abel. Haina thamani. Akaweka sahihi, akagonga muhuri, na huo ndio uongo wa kwanza kutoka kwenye muhuri ule tangu uchongwe.

Makoye aliikunja karatasi mara nne akaitia mfuko wa shati. Mlangoni akageuka.

"Hiyo takataka baki nayo. Fremu yake itakufaa."

Akaenda zake. Justa alimsindikiza kwa macho mpaka alipoona lile gari jeupe linawashwa upande wa pili wa barabara. Ndipo alipoketi sakafuni katikati ya vipande vya mbao.

Alilia. Alilia kwa ajili ya mbingu ile, na alilia kwa furaha pia, msinishangae, mambo hayo mawili yanaingia kwenye jicho moja. Abel yuko hai. Abel yuko Nkome, au alikuwako. Atamfuata, atamwona, atamchapa makofi kwa kumliza miaka yote hii, kisha atampikia.

Alipotulia akaivuta picha magotini. Alitaka kuugusa tena ule mwandiko. Hardibodi aliing'oa yote sasa, pini moja baada ya nyingine, mpaka mgongo wa karatasi ukabaki wazi.

Chini ya mstari wa kwanza kulikuwa na mingine. Kona aliyoibandua mwanzo haikuifikia.

Penseli ilikuwa imefifia, maji ya mbele yalikuwa yameanza kupenya, ikabidi aisogeze mwangani.

"Dada. Najua picha zangu zote mwisho wake ni mezani kwako, ndiyo maana nakuandikia huku. Nisamehe kwa kunyamaza. Siku ile zamu yangu iliisha, nikapanda juu. Koti nilimvulia shemeji kwa sababu chini kulikuwa na maji. Daftari ninalo. Usinitafute mpaka nikutafute mimi."

Shemeji.

Abel alikuwa na shemeji mmoja tu duniani.

Nitawaeleza jambo ambalo kila mtu wa Bulongo analijua, na Justa alilijua kuliko wengi. Mle chini kuna baridi na maji yanadondoka. Makoti ni machache. Kwa hiyo anayepanda anamvulia anayeshuka, palepale mdomoni mwa duara: koti, kofia, tochi. Koti ni la mtu kwa jina tu. Sostenes mwenyewe alikuwa analirudisha nyumbani koti lile la Abel kulifua, la kijani, lenye kiraka cha turubai begani. Kiraka hicho Justa alikishona kwa mkono wake.

Na mochwari walipomfunulia shuka, uso haukuwapo, akaangalia kiraka. Akasema huyu ni Abel. Makoye alikuwa amesimama nyuma yake, akasema ndiye, masikini, ndiye. Hakuna aliyeomba kuona vidole vya miguu. Hakuna aliyeuliza kovu la pajani, ambalo mke angelitambua gizani. Koti lilitosha.

Sostenes hakupanda mtumbwi wowote. Hakukuwa na mwanamke. Alikuwa Didia siku zote hizi, chini ya msalaba wenye jina la shemeji yake, na mkewe akija makaburini Krismasi kwa Krismasi, akiwasha mshumaa kwa ajili ya mdogo wake na kumtukana mume moyoni kwa kutokuja.

Justa aliishika karatasi ile kwa mikono miwili. Alijikumbuka akiyagawa mashati ya mumewe. Alikumbuka Blessing ana miaka sita anauliza baba yuko wapi, na yeye anamjibu baba yako ni mhuni.

Basi fikirini wenyewe hesabu iliyokuwa mbele yake. Akisema Sostenes ndiye aliye kaburini, amesema Abel hayumo. Akisema Abel hayumo, Makoye atajua kipimo cha gundi kilikuwa usanii, na Nkome haina watu wengi kiasi cha kuficha mchoraji. Ili mdogo wake aishi, mumewe lazima aendelee kuwa mhuni. Alimeza hilo. Alijiapia, pale sakafuni, kwamba mdomo wake hautafunguka mpaka Abel mwenyewe ajitokeze na daftari.

Kiapo hicho kilikuwa na umri wa dakika tatu mlango ulipogongwa.

"Hodi humu. Mama Blessing, nimekuletea mgeni."

Sauti ya Makoye. Justa aliisukuma ile karatasi chini ya kipande cha kadi, akajifuta uso kwa kanga, akasimama.

Makoye aliingia amebeba kapu la ukili, amelikumbatia kwa heshima zote. Nyuma yake, anachechemea, ameshika fimbo, aliingia bibi Mbuke. Ilikuwa Jumamosi. Justa alikuwa amesahau kabisa kwamba ni Jumamosi.

"Nimemkuta stendi anahangaika na mzigo," Makoye akasema. "Nikasema mama wa watu hawezi kuteseka mimi nina gari."

"Mungu akupe maisha marefu, baba," bibi Mbuke akamwambia. Kisha akamgeukia Justa, akangoja salamu ya kila Jumamosi, ile fupi ya mtu aliyesimama.

Justa alipiga magoti. Hakupanga. Magoti yalijipiga yenyewe, sakafuni kwenye mapumba ya mbao, kichwa kimeinama kama mkwe anavyopaswa.

"Mwangaluka, mayu."

Bibi Mbuke alishtuka, akafurahi, akaishika meza asianguke. Miaka kumi na minne hakuwa ameitwa mayu, mama kwa Kisukuma, na mwanamke huyu. "Mwangaluka, mwanangu. Mwangaluka. Simama, utachafuka."

Makoye aliweka kapu chini. Hakuondoka. Aliegemea mlango, akatazama.

"Nimekuletea michembe ya viazi vitamu," bibi akasema, anafungua kapu kwa vidole vyake vilivyopinda. "Na jana nilipita kwa Abel. Majani yalikuwa yamempanda na hizi mvua, nikampalilia vizuri, nikamfagilia mpaka miguuni. Nikamwambia, wewe ulikuwa rafiki wa mwanangu, hebu muulize huko aliko atanipigia lini." Alicheka kidogo, kicheko cha kujionea aibu. "Mzee ukikaa peke yako unaongea na wafu."

Miaka kumi na minne mama huyu amepalilia kaburi lile, kwa sababu ni la jirani, kwa sababu dada wa marehemu yuko mbali Kahama, kwa sababu mtu hawezi kuacha kaburi la kijana lifunikwe na magugu wakati ana jembe. Justa hakuweza kumwangalia.

Bibi Mbuke akajiweka sawa. Akauliza swali lake, lilelile, kwa sauti ileile ya kubembeleza ambayo siku nyingine ilimuudhi Justa mpaka akataka kuziba masikio.

"Amepiga?"

Jibu lilikuwa tayari. Lilikuwa limetumika Jumamosi zaidi ya mia saba, limezoea njia. Aliko ana mke. Maneno matatu, wala hayahitaji kufikiri. Mdogo wake angeishi, binti yake angevuka barabara salama, Makoye angerudi kwenye gari lake na karatasi yake.

Justa alifungua mdomo ayaseme.

Lakini mikono yake ilikuwa imekwisha kuvuta kigoda. Ilikipangusa vumbi kwa pindo la kanga. Ilimshika mama mkwe kiwiko, polepole, kama tunavyowashika watu siku moja tu maishani mwao.

"Mayu," akasema. "Kaa kwanza."

Alilisikia likitoka. Hakuna kulirudisha.

Nani kwetu hajui maana yake? Hakuna anayeambiwa kaa kwanza ili apewe habari ya harusi. Bibi Mbuke hakuketi. Alimtazama mkwe wake usoni, akaona macho mekundu, akaona magoti yenye mapumba. Aliiachia fimbo ikaanguka. Kisha, bila kuuliza neno, akainua mikono miwili akaanza kufungua kilemba chake kichwani, taratibu, jinsi mama anavyokifungua siku akifiwa.

Mlangoni, Makoye hakuwa ameegemea tena. Alikuwa amesimama wima, anatazama ukingo wa picha iliyolowa uliochungulia chini ya kadi, na mkono wake umeingia mfuko wa shati kuigusa ile karatasi yenye muhuri. Kwa mkono wa pili aliusukuma mlango nyuma yake mpaka komeo likaingia.

"Mama Blessing," akasema kwa upole. "Nani amekuambia Sostenes amekufa?"